Mtoto haongei bado? Anza na masikio

Wangu alifika miaka miwili na neno moja tu, "ma", na alilitumia kwa kila kitu, mimi, maji, mpira, mlango. Kila niliyemuuliza ananiambia tulia, watoto wa kiume huwa wanachelewa, hata baba yake alichelewa. Na mi nikatulia kweli, maana ndo jibu nililotaka kusikia.

Sasa hivi mzazi akiniuliza namwambia hivi: mwaka umefika hatoi hata ba-ba-ba wala haoneshi kitu kwa kidole, miezi 16 hana neno, miaka 2 haunganishi maneno mawili ya kwake mwenyewe (kurudia ulichosema wewe haihesabiki), mpeleke akaangaliwe. Na kama alikua anaongea halafu maneno yakapotea, hapo usingoje, umri wowote ule.

Muanze na masikio jamani. Mi nilibisha, huyu anasikia bwana, mlango ukigongwa anageuka. Kumbe maji yanaweza kukaa nyuma ya ngoma ya sikio, kishindo anakisikia ila maneno yanamfikia kwa mbali kama kazama, na maji yenyewe leo yapo kesho hayapo mpaka unadhani ni ukaidi. Wangu masikio yalikua mazima, baadae ikaonekana ni usonji (autism), yaani ubongo wake unakua tofauti, kuwasiliana na watu kunamuwia vigumu.

Ila usikae kusubiri jina la tatizo ndo uanze kumsaidia. Mtaalamu wa kusaidia watoto kuongea tulikua tunamuona saa moja kwa wiki, saa zingine zote ni zangu na za mwalimu wa chekechea. Kilichonisaidia zaidi ni kunyamaza tu. Zamani nilikua nauliza unataka maji, unataka maji eti, mara tano mfululizo halafu najijibu mwenyewe. Nikafundishwa niulize mara moja, kikombe nikishike karibu na uso wangu, nihesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Nikifika sita naona kama mwaka mzima. Siku ya nne hivi, niko kwenye nane, akagusa kikombe akaniangalia machoni. Hakusema kitu. Nilimimina maji yakamwagika mpaka sakafuni.

Chekechea ya kwanza walitwambia anasumbua, kila wakibadilisha shughuli anapiga kelele. Kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 24 kinakataza mtoto kutengwa na elimu kisa ulemavu, ila kwakweli mkataba haumfundishi mtu uvumilivu, tukahama. Mwalimu wa pili hakusomea elimu maalum kabisa, ila alikubali kutundika kamba ukutani na vibanio vya nguo vinne: picha ya kuchora, ya mpira, ya kunawa mikono, ya begi la kwenda nyumbani. Shughuli ikiisha dogo anaing'oa picha mwenyewe anaitupia kwenye boksi. Kelele zikapungua, sisemi ziliisha, na wenzake nao wakaanza kugombania kung'oa.

Kingine, ile ripoti ndefu ya kliniki usimpe mwalimu, ana watoto chungu nzima hataisoma. Mwandikie karatasi moja, nini kinamkera, nini kinamtuliza, akitaka choo anafanyaje. Ya wangu ilikua na mistari sita, wa mwisho: akiziba masikio msimshike, mtoeni nje. Mwalimu aliibandika ndani ya mlango wa kabati, akija msaidizi mpya anasomeshwa hapo kwanza.