Kabla Hujaagiza Fataki

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayenisoma. Ni mweka hazina wa kamati ya jubilei. Ya nini na ya wapi, ameomba nisitaje. Maturubai bado hayajakodiwa na tayari bajeti imepanda mara mbili. Mwenyekiti anataka fataki, jukwaa la kupanda na kushuka, na msanii ambaye malipo yake ya awali tu yanatosha kuendesha ofisi yao kwa muda mrefu. Katika kamati nzima ni yeye peke yake anayeuliza fedha zitatoka wapi. Mwishoni ameandika: "Dada, hivi mimi ndiye mwenye roho mbaya?"

Mdogo wangu, karibu tukae. Mimi pia nilikuwa mweka hazina, nikaitwa mkono wa birika mbele ya kikao kizima, na aliyeniita hivyo akapigiwa makofi.

Ngoja nisimulie, maana ninyi mnaosoma hapa nawajua. Mnataka shughuli zenu zikumbukwe, watu waondoke wakisema "pale palifanyika kitu". Mimi pia natamani hivyo. Sijawahi kuwa mtu wa kubaki nyumbani siku ya sherehe.

Kamati yetu ilikuwa na mwenyekiti mwenye ulimi mtamu. Alikuja na michoro ya jukwaa kwenye kompyuta, akaizungusha ukutani tukaiona kwa mbele na kwa nyuma, mpaka kiti cha mgeni rasmi kilikuwa kimeshachorwa mahali pake. Akasema gharama isitutishe, kwa sababu shughuli itajilipa yenyewe: wadhamini watajitokeza, wanachama wapya watajiunga, jina letu litavuma. Nikauliza ni mdhamini gani ameshaandika barua. Hakuna. Nikauliza tena, wasipojitokeza, nani atalipa? Hapo ndipo birika lilipoingia. Wakacheka, wakapiga makofi, tukaenda ajenda inayofuata.

Vikao vilivyofuata naviruka. Vilikuwa vya rangi ya fulana.

Usiku wenyewe ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Fataki zilipoanza kupasuka, watoto walipandishwa mabegani mwa baba zao, na mzee mmoja aliyekuwa jirani yangu alivua kofia akabaki ameishika kifuani mpaka mwisho. Nilisimama pale na risiti zangu kwenye mkoba, machozi yakanitoka. Mtu asije kuniambia kwamba usiku ule haukuwa na thamani.

Kisha ankara zikaanza kuingia. Ya jenereta ilihesabu saa tangu lori lilipotoka kwenye yadi ya mwenye mali, wala si tangu jenereta lilipowashwa. Ya spika ilikuwa na seti ya pili, iliyoagizwa kwa mdomo alasiri ya siku yenyewe na mtu ambaye hadi leo hakuna anayemkumbuka. Kipengele kilichoandikwa "mengineyo" kilizidi kodi ya viti vyote. Wale wadhamini wa kujitokeza walituma salamu za pongezi. Mwenyekiti akamaliza muda wake, akaagwa kwa hotuba na zawadi, na simu za wanaodai zikahamia kwangu, asubuhi, wakati wa kula, hata nikiwa msibani. Mwanangu alijifunza kusema "mama hayupo" kwa sababu ya fataki ambazo mimi sikuzipigia kura. Hilo bado linaniuma, na sioni kwa nini nijifanye limeshapita.

Ndipo nikaanza kusoma habari za shughuli za wakubwa, kuona kama wao wana ujanja tusioujua. Hawana.

Meya wa Montreal, Jean Drapeau, aliwahakikishia watu wake kwamba Olimpiki ya 1976 haiwezi kuleta hasara, sawa na mwanaume asivyoweza kubeba mimba. Deni lililobaki baada ya michezo, takriban dola bilioni 1.5 za Kanada, lilimalizika kulipwa mwaka 2006, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitokana na kodi ya tumbaku. Yaani mtoto aliyezaliwa mwenge ukiwa unawaka alikuja kuwa mtu mzima, akaanza kuvuta sigara, na kila pakiti akawa analipia uwanja. Paa la uwanja huo, lile la kufunguka na kufunga, halikuwepo hata siku ya ufunguzi. Lilikamilika 1987, kisha likawa linachanika. Nilipoisoma habari ya lile paa nilijisikia nina ndugu Kanada.

Na si Montreal peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walikusanya hesabu za Olimpiki tangu 1960, na katika zile zilizokuwa na takwimu hawakupata hata moja iliyobaki ndani ya bajeti yake. Kwa wastani gharama zilizidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 150. Shughuli za aina hii zina tabia moja inayoeleza mengi: tarehe haisogei. Ukijenga nyumba na fedha ikakuishia, unasimama, unasubiri. Sherehe haikusubiri. Mzabuni anajua kwamba wiki ya mwisho utalipa chochote, na anakungoja hapohapo.

Brazil nayo, kwa Kombe la Dunia la 2014, ilijenga upya uwanja wa Mané Garrincha jijini Brasília, wa watu kama 70,000, katika jiji ambalo halikuwa na timu ya ligi kuu ya kuujaza. Baada ya mashindano eneo lake lilitumika kuegesha mabasi. Kule Manaus, katikati ya msitu wa Amazon, uwanja mpya ulichezewa mechi 4 za kombe hilo. Viwanja vyote viwili vilinadiwa kwa wananchi kwa maneno yaleyale ya mwenyekiti wetu, kwamba faida itakuja baadaye.

Halafu kuna wale wanaonunua sifa tupu. Tarehe 4 Desemba 1977, Jean-Bédel Bokassa, mtawala wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, alijitawaza mfalme mkuu mjini Bangui, akakaa kwenye kiti cha enzi chenye umbo la tai. Gharama inakadiriwa kuwa dola milioni 20 hivi, katika nchi maskini kupindukia. Septemba 1979 alikuwa ameshapinduliwa. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Huyu alijikuna kwa mkono wa wananchi wake.

Lakini nisiwe wa upande mmoja, kwa sababu zipo shughuli zilizolipa, na ukizitazama kwa karibu utaona kilichozilipa. Maonyesho Makubwa ya London ya 1851, yale ya kwenye jumba la vioo la Hyde Park, yaliandaliwa kwa michango na viingilio. Watu zaidi ya milioni 6 waliingia, na ikabaki faida ya pauni 186,000 hivi. Fedha hiyo ikanunua ardhi ya South Kensington, ambako leo yamesimama makumbusho makubwa ambayo watu bado wanaingia. Na Olimpiki ya Los Angeles ya 1984 ilibaki na ziada ya zaidi ya dola milioni 200. Ujanja gani? Wapiga kura wa jiji hilo walikuwa wameshaona ya Montreal. Mwaka 1978 walipitisha kifungu kinachokataza fedha za jiji kutumika kwenye michezo bila kurudishwa. Waandaaji wakabaki na wadhamini, televisheni na tiketi. Wakatumia uwanja wa Coliseum uliokuwepo tangu 1923, na wanamichezo wakalala kwenye mabweni ya vyuo vikuu. Mkono wa birika wa jiji zima, na dunia ikawasifu.

(Mwaka 1749, pia London, lilijengwa jengo kubwa la mbao Green Park kwa ajili ya fataki za kusherehekea mkataba wa amani. Fataki zikachoma upande mmoja wa jengo mbele ya umati. Halihusiani sana na ninachosema, ila nalipenda.)

Sasa yule anayesema "dada, furaha ya watu haina bei", namwelewa, na hata utafiti uko upande wake kidogo. Kabla, wakati na baada ya Olimpiki ya London ya 2012, watafiti waliwahoji maelfu ya wakazi wa London, Paris na Berlin kuhusu hali ya nafsi zao. Watu wa London walikuwa na furaha zaidi wakati wa michezo, hasa karibu na siku za ufunguzi na ufungaji. Mwaka uliofuata ile nyongeza ilikuwa imeyeyuka. Kwa hiyo furaha ipo, ni ya kweli, na ni ya muda. Mimi naikubali kwa masharti hayohayo. Ninachokataa ni kununua furaha ya usiku mmoja kwa deni la miaka, huku watu wakiambiwa wanapanda mbegu.

Ukitaka kuwapa watu furaha, waambie unawapa furaha, wakubali bei yake kwa macho yao. Ukishawaahidi kwamba fedha itarudi, umeondoa kizuizi, kwa sababu kila nyongeza itaonekana ni ya kuongeza faida. Spika zaidi, faida zaidi. Fataki ndefu, jina kubwa. Ndivyo tulivyofika tulikofika.

Baadaye nilikabidhiwa shughuli nyingine, safari hii nikiwa mwenyekiti mwenyewe. Niliweka sharti kwamba hakuna oda inayotoka kabla fedha yake haijaingia benki. Ukumbi tuliutumia uliokuwepo. Taa tulizihitaji, basi badala ya kukodi tukanunua, na hadi leo zinawaka pale uwanjani vijana wakicheza jioni. Na fataki? Zilikuwepo! Niliwaambia wajumbe: anayetaka fataki, hili hapa sanduku la fataki, peke yake. Walichanga kwa raha kuliko walivyowahi kuchangia kitu chochote, na zikapasuka mpaka fedha ya sanduku ilipoishia. Watu wakaimba. Nilifunga hesabu kabla mafundi hawajamaliza kubomoa jukwaa, na nitalisema hili hadharani kwa kuwa hakuna mwingine aliyelisema: katika hotuba ya shukrani alitajwa msanii, mgeni rasmi na aliyeleta maji. Anayeshika hesabu akipatia, hakuna anayemwona.

Kwa hiyo, mdogo wangu, na wengine wote mlioko kwenye kamati: ulizeni nani atalipa wasipokuja. Ulizeni tena. Ulizeni hata mkichekwa, maana wanaocheka hawatapokea simu. Kama jibu ni "Mungu atasaidia", msimsingizie Mungu, Yeye hakuagiza jenereta. Hakikisheni kuna kitu kitakachobaki kinatumika, hata kama ni taa tu. Kama hakuna kitakachobaki, basi iwe shughuli ya fedha mliyo nayo mkononi, na ikitosha nusu saa ya fataki, nusu saa ni nyingi. Acheni kushindana na jirani. Mnasherehekea miaka yenu, hamuombi kura. Tengeni akiba ya dharura na mmoja tu awe na ruhusa ya kuigusa. Na ulizeni nani atalipa, nimeshasema, narudia.

Jambo la mwisho ni oda za mdomo, maana ndizo zilizonimaliza. Siku ya shughuli kila mwenye beji anakuwa bosi: "ongeza viti", "leta spika nyingine". Mzabuni anaitikia kila sauti, kwake yote ni malipo. Katika shughuli yangu ya pili nilitembea na kitabu cha nakala mbili, na nikawaambia wazabuni mapema, kwa maandishi, kwamba kitu kisicho na saini kwenye kitabu hiki hakilipwi. Mshereheshaji alinifuata nyuma ya jukwaa akitaka taa za moshi. Nikampa kitabu na kalamu, nikamwonyesha mahali pa kuandika jina lake na namba yake ya simu. Akaangalia bei, akasema moshi huwa unamkausha koo.