Mwaka wa 1928 kwenye beji ya Mickey Mouse

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Marehemu mjomba wangu aliniachia beji ndogo ya chuma ya kuchomeka kwenye kola, yenye picha ya Mickey Mouse akiwa ameshika usukani wa meli. Chini ya picha pameandikwa 1928, na mgongoni pana alama ya hakimiliki yenye neno Disney, juu ya mchoro wa vichwa vidogo vya Mickey. Rafiki mmoja ananiambia kuwa ni kitu cha karibu miaka 100 chenye thamani kubwa, na mwingine anasema ni bandia. Nimsadiki yupi, na niisafisheje?
Msomaji wako

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa msiba, na asante kwa kuutazama mgongo wa beji, kwani wengi huishia usoni.

Mwaka wa 1928 ni wa filamu, si wa beji. Picha unayoieleza inatoka katika Steamboat Willie, katuni iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza New York tarehe 18 Novemba 1928, na watengenezaji wamekuwa wakiuandika mwaka huo kwenye bidhaa za kumbukumbu kwa miongo mingi. Umri wa beji yako unaonekana zaidi katika jina la mwenye hakimiliki. Bidhaa za miaka ya 1930 ziliandikwa Walt Disney Enterprises, na zilizofuata ziliandikwa Walt Disney Productions, hadi mwaka 1986 kampuni ilipoitwa The Walt Disney Company. Kwa hiyo neno Disney likisimama peke yake, kwa kawaida huashiria kipindi cha baada ya hapo. Ule mchoro wa vichwa vidogo nao ni wa beji za kubadilishana, utaratibu ulioanza rasmi mwaka 1999 katika bustani za burudani za Walt Disney World, Florida. Rafiki yako wa kwanza, basi, amekosea.

Rafiki wa pili huenda ana hoja. Katika bustani hizo mgeni huruhusiwa kumpa mfanyakazi beji moja na kuchukua nyingine, na kwa kuwa beji ya bei ndogo inaweza kubadilishwa na nzuri zaidi, wadanganyifu walipata sababu ya kutengeneza bandia kwa wingi. Iweke beji yako chini ya mwanga mkali na uichunguze kwa kioo cha kukuzia. Pitisha kidole ukingoni: ukingo unaokwaruza ni dalili mbaya. Tazama kama rangi imevuka mstari wa chuma, kama ina vishimo, au kama weusi wa masikio umefifia na kuwa kijivu. Kisha geuza: katika beji halisi vichwa vile vidogo kwa kawaida hukatwa na ukingo, ilhali katika bandia nyingi huishia kabla ya kuufikia na kuacha mpaka mtupu pembeni. Dalili moja haitoshi kutoa hukumu, lakini zikikutana tatu, mimi nisingeinunua.

Usichanganye ubandia na aina ya enameli, yaani ile rangi inayojazwa kati ya mistari ya chuma. Ukipitisha ukucha usoni ukahisi mistari ya chuma imeinuka juu ya rangi, hiyo ni enameli laini; ukihisi uso mmoja ulionyooka, ni enameli ngumu. Zote mbili hutumika katika beji halali.

Kuhusu thamani, tafuta mgongoni maelezo ya toleo lenye idadi maalumu. Kama hayapo, yaelekea ni beji ya toleo la kawaida, na bei yake huwa ya wastani. Ningekushauri uitunze kwa ajili ya mjomba wako, maana hakuna mnunuzi atakayeilipia kumbukumbu hiyo.

Usiisugue kwa siki, dawa ya meno wala dawa ya kung'arishia chuma, kwa sababu hizo huchubua mng'ao wa juu, na mng'ao huo haurudi. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Penye uchafu mkaidi, kiloweshe kidogo kwa maji, kisha kausha papo hapo, hasa kwenye shina la pini ambako kutu huanzia. Ihifadhi mbali na jua, na usiiweke katika mifuko ya plastiki ya PVC, ambayo ikizeeka hutoa kemikali zinazoacha utando wa kijani kwenye shaba.