Maswali na majibu: sokwe na uvuvi wa mchwa

Mvua za vuli zimeanza, watoto wa Mwanza wanakusanya kumbikumbi chini ya taa, na baadhi ya wasomaji wameniuliza kuhusu mlaji mwingine wa mchwa, yaani sokwe. Nayajibu maswali manne.

Je, sokwe hutengeneza zana kweli, au huokota tu kijiti kilicho karibu? (Msomaji, Igoma)

Hutengeneza. Mwaka 1960, huko Gombe mkoani Kigoma, mtafiti Jane Goodall alimwona dume aliyemwita David Greybeard akivua mchwa kichuguuni, na neno kuvua nalitumia kwa makusudi, maana watu wa ziwani watalielewa upesi. Sokwe huchuma unyasi au kifito, hukipukusa majani, na ncha ikijikunja huikata kwa meno. Kisha hukwangua kwa kidole tundu ambalo mchwa wameliziba kwa udongo, huingiza kijiti taratibu akifuata mipindo ya njia, hukitikisa kidogo na kusubiri mchwa askari waking'ate. Ufundi uko katika kukitoa: akivuta kwa pupa, mchwa hupukutika ukingoni mwa tundu, akivuta polepole, kijiti hutoka kimejaa, naye huwachukua kwa midomo. Mtafiti Geza Teleki alijaribu kazi hiyo kwa miezi kadhaa, wala hakuufikia ustadi wa sokwe aliokuwa akiwatazama.

Mimi ni mvuvi wa Ukerewe. Baba alinikalisha chini akanionyesha namna ya kushona nyavu. Mtoto wa sokwe huonyeshwa na nani?

Hujifunza kwa mama, ingawa mama huyo kwa kawaida hamfundishi. Huendelea na kazi yake, na mtoto huketi ubavuni akichungulia, akiokota kijiti kilichotupwa na kukichomeka pasipo na tundu, huku mama akimvumilia bila kumfukuza wala kumsahihisha. Utafiti uliofanywa Gombe ulionyesha kwamba watoto wa kike huwatazama mama zao kwa muda mrefu zaidi na huanza kuvua wakiwa na miaka 2 na nusu hivi, ilhali wa kiume, ambao hupendelea kucheza karibu na kichuguu, huchelewa kwa takribani miaka 2 zaidi. Walimu wa shule za msingi nadhani hawatashangaa. Kuvunja kokwa za mchikichi kwa jiwe juu ya jiwe, kama wafanyavyo sokwe wa Bossou nchini Guinea, ni kazi ngumu zaidi: huhitaji miaka kadhaa ya kujaribu, na anayepitwa na utoto bila kuijua ni nadra kuijua baadaye. Hata hivyo, katika msitu wa Goualougo huko Kongo-Brazzaville, mama wameonekana wakimwachia mtoto kijiti chao na kwenda kutafuta kingine, na hilo kwangu linakaribia sana alichofanya baba yako.

Je, sokwe wote hufanya mambo yaleyale? (Mwanafunzi, Nyakato)

Hapana. Gombe na Mahale ziko kando ya Ziwa Tanganyika lilelile, lakini sokwe wa Gombe hula chikichi na wa Mahale huziacha, ingawa michikichi wanayo. Tofauti za namna hiyo huwafanya watafiti waseme kwamba kila jamii ina mila zake. Mwaka 2011, katika msitu wa Budongo nchini Uganda, dume mkuu alionekana akinyonya maji kwa kutumia kuvumwani (mimea midogo laini iotayo kama zulia), kama sifongo, badala ya majani yaliyotafunwa, na ndani ya siku chache baadhi ya wenzake waliomtazama wakamwiga.

Na sokwe wa Rubondo, kisiwa cha Ziwa Victoria? (Msomaji, Sengerema)

Hao ni walowezi. Kati ya 1966 na 1969 sokwe wasiozidi 17, wengi wao wazaliwa wa Afrika Magharibi waliokuwa wamefungiwa Ulaya, waliachiwa kisiwani bila mafunzo yoyote. Walijipatia chakula, wakazaa, na leo wazao wao ni makumi kadhaa. Kwa maoni yangu, swali zito kuhusu Rubondo ni namna waasisi hao walivyojua tunda lipi liliwe, wakati hapakuwa na mkubwa mwenyeji wa kumtazama. Ukienda huko usitarajie onyesho la vijiti, kwa kuwa hata kuwaona sokwe hao hakuna uhakika. Na ukiwa na mafua usiwasogelee, maana magonjwa yetu ya njia ya hewa huwaua.