Kutokuwa na maumivu si sababu ya kuahirisha kipimo

Dada yangu, umeandika kwamba una miaka 38, huna maumivu yoyote, na unaona aibu kwenda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Aibu hiyo naielewa, kwani nami iliwahi kunichelewesha. Lakini mabadiliko ya seli za mlango wa kizazi yanayoletwa na HPV, virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, hukua kimyakimya, mara nyingi kwa zaidi ya miaka 10, na kipimo huyagundua kabla hayajawa saratani, wakati tiba yake bado ni nyepesi. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kupimwa wakiwa na miaka 30, na wanaoishi na VVU miaka 25. Omba mhudumu wa kike, au uliza kama unaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, mwone daktari mara moja.