Utitiri au watoto wa kupe? Angalia hivi

Mkuu, umeuliza kama vile vijidudu vyekundu unavyoviona usiku kwenye fito za banda la kuku ni utitiri au watoto wa kupe. Kwa maelezo yako, mimi nasema utitiri.

Kuhesabu miguu peke yake kutakupoteza. Utitiri mkubwa una miguu minane, sawa na kupe na buibui, lakini mchanga aliyetoka kwenye yai ana sita tu, na mtoto wa kupe ni vilevile. Tazama kiwiliwili. Buibui amekatika kiunoni, ana sehemu mbili. Utitiri na kupe ni donge moja.

Sasa ukubwa na tabia. Utitiri mwekundu hauzidi milimita 1 hivi. Ukiwa na njaa ni wa kijivu, ukishanyonya unakuwa mwekundu. Mchana unajificha kwenye nyufa, usiku unapanda juu ya kuku. Papasi wa kuku, yaani kupe anayenyonya kuku, naye hujificha, ila mkubwa wake anafika milimita 5 na zaidi, bapa, ngozi kama ya kiatu, na ukimtazama kwa juu huoni mdomo. Watoto wake hung'ang'ania chini ya bawa siku kadhaa bila kubanduka.

Leo usiku ingia na tochi, pangusa chini ya fito kwa karatasi nyeupe, kisha ikunje na uibonyeze. Ukiona michirizi ya damu, ni utitiri ulioshiba. Ziba nyufa mapema, vifaranga wanakufa kwa kuishiwa damu.