Usiwaitie waandishi mto mkavu

Masika fulani miaka kadhaa nyuma, maji yalisomba kivuko chetu cha Mto Ng'ombe, huku Tandale. Kilikuwa magogo mawili na mbao za kuungaunga, lakini ndicho watoto walichopitia kwenda shule. Nikapiga simu kituo kimoja cha televisheni. Wakaja saa 7 mchana. Jua kali, maji yameshuka hadi kwenye kifundo cha mguu, watoto wako darasani. Mwenyekiti wa mtaa, ndani ya suti, akahutubia dakika nzima kabla hajautaja mto. Saa 2 usiku tukajazana kwa mama muuza chapati kungoja taarifa ya habari. Ikapita ajali ya lori, ikapita michezo, tukaenda kulala.

Nilinuna wiki nzima. Baadaye nikakutana na yule mpiga picha, akaniambia kwa upole, "Kaka, ulituitia mto mkavu."

Mara ya pili niliwaita waje saa 12 asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Baba mmoja alikuwa anavuka, mtoto begani, viatu vya shule vimefungwa kamba na kuning'inia shingoni. Safari hiyo tulionekana.

Kwa hiyo kama mtaani kwenu kuna jambo, kwanza jiulize linaonekana saa ngapi. Kisha toa taarifa jana yake. Vyumba vya habari hukaa kikao asubuhi na magari hugawanywa hapohapo. Ukipiga saa 5, gari limeshakwenda kwenye semina hotelini. (Semina Dar haziishi.)

Msemaji awe yule anayeumia. Mwenyekiti atafuata. Na msimfundishe la kusema, maana mkimfundisha ataanza na "napenda kuchukua fursa hii", na mhariri atamkata. Aeleze kama anavyomweleza jirani, kwa sentensi fupi, mbali na mashine ya kusaga na bodaboda. Mtoto asihojiwe bila mzazi wake kukubali.

Weka tayari nakala ya barua mliyoandikia ofisi ya kata, yenye muhuri wa kupokelewa. Mwandishi lazima autafute upande wa pili, na tarehe ya muhuri humwokolea nusu ya kazi. Sisi barua tuliiandika baada ya kurekodiwa, habari ikalala siku mbili.

Halafu ile bahasha ya "nauli". Watu huchangishana kabisa wampe mwandishi! Msitoe. Maji ya kunywa yanatosha, na akidai zaidi, mpigieni mhariri wake.

Habari ikishatoka, usikae kimya. Wiki iliyofuata walikuja watu wawili wa manispaa na futi ya kupimia. Nikampigia tena mwandishi kumweleza. Aliuliza jambo moja tu: watarudi lini, na saa ngapi?