Maswali na Majibu: Ishirō Honda, Mtu Aliyemleta Godzilla

Wiki jana niligusia kwa aya mbili tu jina la Ishirō Honda, mwongozaji wa Kijapani aliyetengeneza Godzilla ya kwanza mwaka 1954. Niliandika kwamba ile ni filamu ya msiba kabla ya kuwa filamu ya dubwana. Simu yangu haijapumzika tangu siku hiyo. Wapo waliokubali, wapo waliobisha, na wengi wameuliza. Haya hapa maswali saba na majibu yangu.

Shikamoo mwandishi. Godzilla tunamjua tangu utotoni, lakini huyu Honda ndiyo kwanza namsikia. Ni nani hasa? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu. Usijilaumu. Hata Marekani, filamu zake zilipoonyeshwa huko, jina lake lilikuwa likikosewa na kuandikwa "Inoshiro". Jina lenyewe ni kama cheti cha kuzaliwa: "i" ni nguruwe mwitu, mnyama wa mwaka 1911 kwa kalenda yao, "shi" ni nne, "rō" ni mwana wa kiume. Mtoto wa kiume wa nne, kazaliwa mwaka wa nguruwe mwitu.

Alizaliwa tarehe 7 Mei 1911 katika kijiji cha Asahi, mkoa wa milimani wa Yamagata, baba yake akiwa mtawa wa Kibuddha. Mwaka 1921 familia ilihamia Tokyo. Alisomea filamu Chuo Kikuu cha Nihon, na mwaka 1933 akaajiriwa na studio ya PCL, ambayo baadaye iliunganishwa na nyingine ikawa Toho. Mpaka anastaafu alikuwa ameongoza filamu 46. Watu wanamkumbuka kwa zile za sayansi ya kubuni: Godzilla, Rodan (1956), The Mysterians (1957), Mothra (1961), Matango (1963) na nyingine nyingi.

Kuna jambo moja la utotoni mwake ninalolipenda kupita yote. Alipotazama sinema mara ya kwanza, enzi za filamu bubu, kilichomteka hakikuwa kile kilichokuwa kikipita kwenye pazia. Macho yake yalikuwa kwa benshi, yule mtu aliyesimama pembeni akisimulia kisa na kuwapa wahusika sauti. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunamwelewa bila kufafanuliwa. Mtafsiri akiwa fundi, hata mkanda mbovu unanoga, na watu wanarudi kesho yake kwa ajili ya sauti yake. Ma-DJ wa Kenya na Tanzania, ma-VJ wa Uganda, wote hao ni ndugu wa benshi. Na mtoto yule wa Yamagata alianzia hapo hapo tulipoanzia sisi, kwa kumsikiliza msimuliaji.

Ndugu yangu kaniambia Honda aliiona Hiroshima kwa macho yake. Kweli au porojo? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bila hili huwezi kuielewa kazi yake.

Honda alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kazi studio alipoitwa jeshini. Februari 1936 maofisa vijana wa kikosi chake walishiriki jaribio la kuipindua serikali mjini Tokyo. Yeye hakuwamo, lakini kikosi kikapelekwa Manchuria, kaskazini mashariki mwa China. Akarudi, akaitwa tena. Akarudi, akaitwa mara ya tatu. Ukijumlisha, miaka yake ya ujana iliyoliwa na jeshi inakaribia minane. Wenzake aliokuwa amepanga nao foleni walishakuwa waongozaji. Rafiki yake Akira Kurosawa, aliyekuja kuwa mwongozaji mashuhuri, alitoa filamu yake ya kwanza mwaka 1943. Honda alisubiri hadi 1951, akiwa na miaka 40, ndipo akaongoza filamu yake ya kwanza ndefu, Aoi Shinju, inayowahusu wanawake wapiga mbizi.

Vita ilipokwisha alikuwa mateka nchini China. Wenyeji na watawa wa hekalu walimheshimu kiasi cha kumwomba abaki nao, akakataa kwa adabu kwa sababu alikuwa na mke na watoto nyumbani. Mwaka 1946 akarejea Japani, na treni yake ikapita Hiroshima, mji ulioteketezwa kwa bomu la atomiki mwaka 1945. Baadaye alieleza kwamba hali aliyoikuta pale ilimtia hofu kwamba dunia imeshaanza kufika mwisho wake.

Sasa sikia hili. Karibu na Hankou, huko huko China, katikati ya mapigano, kombora lilidondoka mbele yake lisilipuke. Risasi ziliponyamaza alirudi kulichukua. Alilibeba mpaka Japani, akaliweka juu ya meza yake ya kazi nyumbani, na likakaa hapo mpaka siku alipofariki. Kila alipoketi kuandika, mauti yaliyomkosa yalikuwa pale pale karibu na mkono wake. Na ndoto mbaya za vita zilimrudia kila mwaka, mara mbili au tatu, maisha yake yote.

Itazame tena Godzilla ukiwa na hayo kichwani. Dubwana likishapita, Honda anatuingiza katika hospitali ya muda iliyojaa majeruhi wamelazwa chini. Daktari anamsogezea mtoto kipima mionzi. Kifaa kinalia. Daktari anamtazama dada aliyesimama pale, anatikisa kichwa. Basi. Mtoto mwenyewe hajui kinachoendelea. Nimeitazama filamu hii zaidi ya mara kumi na bado sehemu hiyo inanishinda. Mtu ambaye hajayaona mambo hayo kwa macho yake angeipita haraka ili aliwahi dubwana.

Wazo la Godzilla lilitoka wapi? Wengine wanasema ni la Honda, wengine wanakataa. (Msomaji, Nairobi)

Chanzo ni mtayarishaji Tomoyuki Tanaka. Mwaka 1954 alikuwa akirudi kwa ndege kutoka Indonesia, ambako filamu aliyoipanga ilikuwa imekwama, na alihitaji kitu cha kuziba pengo. Huku chini ya ndege ni bahari tupu, na magazeti ya wakati ule yalijaa habari za Daigo Fukuryū Maru, meli ya wavuvi wa jodari iliyonyeshewa majivu ya mionzi tarehe 1 Machi 1954, Marekani ilipojaribu bomu la haidrojeni katika visiwa vya Bikini, bahari ya Pasifiki. Wavuvi walikuwa 23. Mmoja wao, mwendesha redio wa meli, alifariki Septemba mwaka huo huo. Filamu ikatoka tarehe 3 Novemba. Kidonda kilikuwa bado kibichi.

Honda na mwenzake Takeo Murata ndio walioandika skripti, wakitumia hadithi ya Shigeru Kayama. Ndiyo maana filamu inaanza na mabaharia wamepumzika juu ya sitaha, mmoja na gitaa, mwingine na kinanda cha mdomo, kisha mwanga mkali unatoka baharini. Kila aliyekaa ukumbini Japani mwaka ule alijua ni meli gani inayozungumziwa.

Mimi ni fundi cherehani. Naomba unieleze lile vazi la dubwana lilitengenezwaje, na lile ngurumo lake. (Msomaji, Mwanza)

Swali zuri fundi, na wewe ndiye utakayeelewa mateso yake. Bwana Eiji Tsuburaya, mkuu wa mbinu maalumu za picha pale Toho, hakuwa na muda wala fedha za kusogeza vinyago kidogo kidogo picha kwa picha. Akaamua kumvalisha mtu. Fremu ilikuwa ya mianzi na waya, juu yake vitambaa, na juu ya vitambaa matabaka ya mpira. Vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa kilo 100 hivi na lilikuwa gumu hata kulitembeza hatua chache ilikuwa kazi, kwa hiyo wakalikata na kutumia sehemu ya chini kupigia picha za miguu.

Aliyeingia humo ni Haruo Nakajima, naye mzaliwa wa Yamagata kama Honda. Alikwenda bustani ya wanyama kuwachunguza tembo na dubu wanavyotembea. Ndani ya vazi kulikuwa na joto la tanuri, juu yake kuna taa za studio, na alizimia si mara moja. Mji wenyewe ulijengwa kwa kipimo cha 1 kwa 25. Kamera ilipiga picha kwa kasi kubwa kuliko kawaida, ili zikionyeshwa mwendo uwe wa polepole na mtu aonekane mzito kama jengo.

Ngurumo ni kazi ya mtunzi wa muziki Akira Ifukube. Walilegeza uzi wa zeze kubwa la besi, wakaupitishia glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu, kisha wakabadilisha kasi ya sauti iliyorekodiwa.

Mgawanyo wa kazi ulikuwa hivi: Tsuburaya dubwana na majengo, Honda binadamu. Wakati wa maandalizi walisimama juu ya paa la duka kubwa katika mtaa wa Ginza wakionyeshana majengo yapi yabomolewe na wapi pawashwe moto, mpaka walinzi wakawasimamisha wajieleze. Na kabla ya kuanza kazi Honda aliwaambia wenzake waisome skripti, na asiyeiamini hadithi aondoke mapema. Alitaka watu wanaomwogopa Godzilla kikweli. Ukitazama nyuso za wakimbizi wenye mizigo mgongoni, utaona kwamba wengi wa waigizaji wale hawakuhitaji kufundishwa kukimbia mji unaoungua. Miaka tisa tu ilikuwa imepita tangu vita iishe.

Nimeipata Godzilla ya zamani lakini ina mwandishi wa habari Mmarekani. Hujamtaja kabisa. Ni filamu hiyo hiyo? (Msomaji, Muscat)

Hapana ndugu, umepata toleo la Marekani la mwaka 1956. Walikata dakika nyingi za Honda na kumwingiza Raymond Burr, aliyepigwa picha zake huko Marekani, lakini anaonekana kana kwamba alikuwepo Tokyo. Kwenye kile kilichokatwa, yumo mwanamke anayesema ndani ya treni kwamba aliponea Nagasaki na sasa dubwana linamfuata. Mwisho nao ulibadilishwa. Katika ya asili, mwanasayansi mzee anaonya kwamba majaribio ya mabomu yakiendelea, huenda Godzilla mwingine akatokea. Katika ya Marekani, dunia inaamka salama. Tafuta ya Kijapani ya dakika 96. Wamarekani wenyewe hawakuionyesha sana kwenye majumba yao ya sinema mpaka 2004.

Bwana mwandishi, unatuzuga. Hizo za baadaye ni za kitoto, madubwana yanapigana mieleka. Msiba uko wapi hapo? (Msomaji, Dodoma)

Nakubali nusu. King Kong vs. Godzilla ya 1962 iliuza tiketi zaidi ya milioni 11 Japani, na baada ya hapo studio ilijua inataka nini. Honda alikuwa mwajiriwa, tena mwajiriwa mtiifu mno kwa maoni yangu. Alipewa kazi akaifanya. Kumfanya Godzilla achekeshe kulimfurahisha Tsuburaya kuliko yeye.

Nusu nyingine nakukatalia. Itazame All Monsters Attack ya 1969, ambayo wengi huitaja kuwa mbovu kuliko zote. Anayebeba hadithi ni mtoto wa shule anayekaa peke yake, ufunguo mkononi, wazazi wote kazini, mtaa wa viwanda wenye moshi, na vijana wakubwa wanamwonea njiani. Madubwana yako ndotoni mwake tu. Bajeti ilikuwa ndogo hadi wakatumia tena vipande vya mapigano ya filamu za nyuma. Lakini nyumba ile isiyo na mtu mtoto anapofungua mlango! Honda aliiona Japani ikitajirika, na akaona nani ameachwa peke yake sebuleni.

Urafiki wake na Kurosawa ulikuwaje? Mmoja anapewa tuzo, mwingine anaitwa mzee wa madubwana. Hapakuwa na wivu? (Msomaji, Bujumbura)

Walikutana wakiwa wasaidizi vijana chini ya mwongozaji Kajirō Yamamoto, na Kurosawa akamwita Ino-san maisha yote. Mwaka 1949, katika Stray Dog, Honda alikuwa msaidizi mkuu wake. Alipewa mpigapicha mmoja, akatumwa kuzunguka kwenye magulio ya magendo ya Tokyo kupiga picha za maisha yalivyo, akiwa amevaa kama mhusika mkuu ili miguu yake ionekane kuwa ya Toshirō Mifune, mwigizaji wa mhusika huyo. Kurosawa aliandika katika kumbukumbu zake kwamba hali halisi ya Japani baada ya vita iliyosifiwa katika filamu hiyo ilitokana na kazi ya Honda. Mwaka 1954 studio moja, Toho, ilitoa Seven Samurai na Godzilla, na mwigizaji Takashi Shimura yumo katika zote mbili. Kurosawa aliiweka Godzilla kwenye orodha ya filamu 100 alizozipenda.

Kuhusu wivu, jibu ni miaka yake ya mwisho. Filamu ya mwisho aliyoiongoza mwenyewe ni Terror of Mechagodzilla ya 1975. Kisha akarudi kuwa msaidizi wa rafiki yake katika Kagemusha (1980), Ran (1985), Dreams (1990), Rhapsody in August (1991) na Madadayo (1993). Mwongozaji mwenye filamu 46, umri unakaribia miaka 70, anasimama nyuma ya kamera ya mwenzake kama alivyosimama ujanani. Ningependa kuwa na rafiki wa namna hiyo, na ningependa zaidi niweze kuwa yeye. Alifariki tarehe 28 Februari 1993, wiki chache kabla Madadayo haijaingia sinema.

Na wewe dada wa Zanzibar uliyeniuliza faragha uanze na ipi kwa mwanao wa miaka sita: anza na Mothra, ina rangi, ina mapacha wadogo wanaoimba, na nondo mkubwa ambaye hana ubaya na mtu, anawafuata tu wale mapacha walioibwa. Ile ya 1954 mwekee kando kwanza. Itazame wewe usiku akishalala.